Kosa Likishafika Ghalani



Tarehe 24 Machi 2023, watengenezaji programu katika nchi nyingi walikuta kompyuta zao zimegoma kuzungumza na GitHub, ghala la msimbo linalotumiwa na mamilioni ya watu. Aliyejaribu kupeleka kazi yake aliandikiwa onyo kwa herufi kubwa: utambulisho wa seva ya upande wa pili umebadilika, huenda kuna mtu amejipenyeza katikati. Hakuwepo aliyejipenyeza. GitHub wenyewe ndio waliokuwa wamebadilisha ufunguo wao wa RSA, ule ambao kompyuta zetu huutumia kuhakikisha kwamba seva tunayoongea nayo ndiyo yenyewe. Waliubadilisha kwa sababu ufunguo huo wa siri ulikuwa umeonekana, kwa muda mfupi, ndani ya ghala moja la wazi. Na ghala hilo lilikuwa ndani ya GitHub hiyohiyo.

Walisema hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba kuna aliyeutumia vibaya. Wangeweza kulifuta faili wakanyamaza. Badala yake walichukulia kwamba kilichoonekana kimeonekana, wakaweka ufunguo mpya, wakatangaza, wakaeleza amri ambayo kila mtu angeiandika kwenye mashine yake ili iukubali. Usumbufu ulikuwa mkubwa, na ulikuwa wa lazima.

Hoja yangu jioni hii ni moja. Msimbo ukishasukumwa kwenye ghala la pamoja si wako tena peke yako, na kosa lililomo nalo si lako peke yako. Kwa hiyo halirekebishwi kimyakimya. Linatajwa kwanza mbele ya wenzako, halafu linarekebishwa mahali ambapo wote wanaona. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, nikianzia kwenye namna ghala lenyewe linavyofanya kazi, kwa sababu humu ukumbini wapo pia wasioandika programu, nao wanahusika: risiti zao, akiba zao na namba zao za simu zimo ndani ya programu hizi.

Programu yoyote ya maana huandikwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja. Wanachoandika huwekwa ghalani, na ghala hutunzwa na mfumo unaokumbuka nani alibadilisha nini, lini, na kwa sababu gani. Kila mtu anapohifadhi mabadiliko yake anaacha rekodi moja, nayo ndiyo komiti. Mfumo unaotawala leo ni Git. Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux, aliuandika Aprili 2005 baada ya mradi wake kupoteza ruhusa ya kutumia bure mfumo wa BitKeeper, na Juni mwaka huohuo toleo la Linux 2.6.12 likawa la kwanza kutoka likiwa limetunzwa ndani ya Git. Tangu Julai 2005 msimamizi wa Git amekuwa Junio Hamano.

Mifumo iliyotangulia, kama CVS na Subversion, iliiweka historia yote kwenye seva moja, na wewe ukabaki na nakala ya kufanyia kazi tu. Git humpa kila mshiriki historia nzima, tangu komiti ya kwanza kabisa. Kila aliyechukua kazi baada yako kusukuma anayo komiti yako, kamili, kwenye mashine yake, na hakuna amri unayoweza kuiandika kwenye mashine yako ikaenda kuifuta kwake.

Kuna jambo la pili lililo ndani zaidi. Kila komiti ina alama ya herufi na tarakimu 40, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na alama ya komiti iliyoitangulia. Ukiigusa komiti ya juzi hata kwa nukta moja, alama yake inabadilika. Na kwa kuwa komiti ya jana imeitaja ya juzi, nayo inabadilika, mpaka ya leo. Ndiyo maana katika Git hakuna kuichomoa komiti ya zamani ikatoka huku nyingine zikibaki zilivyokuwa. Kilichopo ni kutengeneza historia nyingine inayofanana na ile ya kwanza, halafu kuwaomba watu wote waitupe waliyo nayo waichukue hiyo mpya. Tafadhali likumbukeni hilo, maana matatizo mengi nitakayoyataja yanatoka hapo.

Basi kosa limetokea. Swali la kwanza kabisa ni hili: komiti yenye kosa hilo imetoka kwenye mashine yako? Kama haijatoka, usimsumbue mtu. Irekebishe komiti kwa git commit --amend, au irudishe nyuma kwa git reset, panga upya unavyotaka. Hiyo bado ni rasimu yako. Na hata ukikosea katika kurekebisha, Git hutunza kumbukumbu ya kila mahali tawi lako, yaani mfululizo wa komiti unaoufanyia kazi, lilipowahi kusimama; ukiandika git reflog utayaona, na kwa kawaida kumbukumbu hizo hukaa siku 90, au siku 30 kwa zile komiti ambazo hazishikwi tena na tawi lolote. Kijana anayedhani amepoteza kazi ya wiki nzima kwa git reset mara nyingi hajapoteza kitu, mradi tu aliihifadhi kazi hiyo kabla. Sitakaa hapa zaidi.

Kama imetoka, mambo ni mengine. Tuchukue mfano tuutazame kwa karibu.

Timu moja inaandika programu ya mauzo ya maduka, na maduka hayo yapo Arusha na Nairobi. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) Tanzania Bara ni asilimia 18. Kenya ni 16. Mmoja wao anajaribu risiti za upande wa Kenya, na ili asihangaike na mipangilio anafungua faili la viwango, mahali palipoandikwa 0.18 anaandika 0.16, anapata risiti anayoitaka. Anaendelea na kazi aliyotumwa, ambayo ni kurekebisha upana wa risiti. Jioni anaandika git add ikifuatiwa na nukta, yaani chukua kila kilichobadilika. Anaandika maelezo “rekebisha upana wa risiti”. Anasukuma kwenye tawi kuu, na mfumo unapandisha programu mpya wenyewe usiku. Kesho yake saa tatu asubuhi, maduka ya Arusha yanatoza asilimia 16, na anayesoma maelezo ya komiti ile hana namna ya kujua ni yenyewe iliyosababisha.

Akigundua, afanye nini? Mkono utataka kukimbilia kibodi. Namsihi aanze na kundi la timu, hata kama ni la WhatsApp, aandike hivi: “Jamani, komiti yangu ya jana jioni imebadilisha VAT ya Tanzania kuwa 0.16 kwa bahati mbaya, na imeshapanda. Msichukue tawi kuu kwanza na msipandishe kitu. Naitangua sasa hivi, nitawaambia ikikamilika.” Ujumbe huo unachukua dakika moja. Umesema ni komiti ipi, imefanya nini, imefika wapi, wenzake wafanye nini, na nani anashughulika. Hauombi radhi kwa aya tatu, kwa sababu wenzake kwa wakati huo wanahitaji habari kuliko radhi.

Ndipo anaandika git revert na alama ya komiti ile. Git inasoma kilichobadilika na kutengeneza komiti mpya iliyo kinyume chake: mstari uliofutwa unarudi, ulioongezwa unaondoka. Historia ya zamani haikuguswa. Wenzake wanaichukua kama komiti nyingine yoyote, na hakuna mashine inayogombana na nyingine. Mtunza hesabu wa kikundi cha kuweka na kukopa hufanya vivyo hivyo akikuta amemwandikia mama mmoja 50,000 badala ya 5,000: hachani ukurasa wala hafuti kwa kifutio, anaandika mstari mpya wa kurekebisha, na tarehe, ili wanachama wakifungua daftari walione kosa na dawa yake.

Lakini kutangua kuna ugumu wake, na hapa ndipo nawaomba vijana mtulie. Komiti ile ilibeba vitu viwili, upana wa risiti uliotakiwa na kiwango cha kodi kisichotakiwa. Ukiitangua, vyote viwili vinaondoka. Wengine hujaribu kuokoa muda kwa kubadilisha ile 0.16 tu kwa mkono na kusukuma. Inawezekana, na kwa mstari mmoja hakuna ubaya mkubwa. Ila mkiwa mmeshtuka, na hamna uhakika ni nini kingine kiliingia kwa ile nukta, kutangua yote ni salama zaidi: mnarudi kwenye hali mliyoijua jana asubuhi, halafu upana wa risiti unarudi kwa komiti yake yenyewe, safi. Na maelezo ya komiti ya kutangua yasiachwe kama Git ilivyoyaandika. Yaseme sababu. Mtu atakayeyasoma miaka miwili ijayo atataka kujua kama mlitangua kwa sababu wazo lilikuwa baya au kwa sababu liliingia bila kukusudiwa, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tena, Git inarudisha msimbo, hairudishi risiti. Wateja wa Arusha waliotozwa pungufu wana karatasi mkononi, na hesabu ya kodi ya siku hiyo ina upungufu ambao hakuna amri ya kuuziba. Lazima mtu akae na mhasibu wa duka, wapitie mauzo ya tangu programu ilipopanda hadi ilipotanguliwa. Timu nyingi husahau sehemu hii kwa sababu skrini imerudi kuwa ya kijani. Mimi naamini kosa la ghalani halijaisha mpaka anayeguswa nalo nje ya ghala naye ameambiwa.

Upo mtego mwingine wa kutangua unaowanasa hata wazoefu, nao unahusu kuunganisha matawi. Tuseme mliunganisha tawi zima kabla halijakomaa, mkatangua muunganiko huo. Wiki mbili baadaye tawi limekamilika, mnaliunganisha tena, na mnashangaa: kazi mpya imeingia, ya zamani haionekani. Git haijakosea. Kwa historia yake, zile komiti za mwanzo zilishaunganishwa, kwa hiyo hazihitaji kuletwa mara ya pili. Ulichotangua ni maandishi yake tu. Dawa ni kuitangua ile komiti ya kutangua, halafu ndipo muunganishe mapya. Jambo hili linatatanisha kiasi kwamba nyaraka za Git zina maelezo maalumu juu yake, yaliyotokana na maandishi ya Torvalds na Hamano wenyewe.

Sasa nije kwenye njia ya mkato ambayo wengi huiona ndiyo ya kiungwana: kurudisha tawi nyuma kwenye mashine yako, kuandika komiti nyingine safi mahali pa ile yenye kosa, halafu kusukuma kwa nguvu, git push --force, ili seva isahau. Ukitazama seva, kosa limetoweka. Katika mashine za wenzako lipo palepale. Mmoja aliyechukua kazi asubuhi, kabla hujafuta, anaendelea kuandika juu ya historia ya zamani. Mchana anataka kusukuma, seva inamkatalia, inamwambia historia zimeachana. Yeye hajui ulichofanya, hukumwambia. Anafanya kile ambacho Git inampendekezea, anaunganisha historia mbili, anasukuma. Kosa lako limerudi kwenye tawi kuu, safari hii kwa jina lake yeye. Nimeliona hili likizua ugomvi kati ya watu wanaopendana, kila mmoja akiapa kwamba hakugusa faili lile, na wote wawili wakisema kweli.

Kuna baya zaidi ya hilo. Kusukuma kwa nguvu hakuchagui. Kunaweka ulicho nacho mahali pa kilichopo. Kama mwenzako alisukuma dakika tano kabla yako nawe hujachukua, kazi yake imeng'olewa pamoja na kosa lako. Novemba 2013, katika mradi wa Jenkins, programu maarufu ya kujenga na kupima programu nyingine, mtengenezaji mmoja alisukuma kwa nguvu bila kukusudia kwenye maghala 186 kwa mpigo. Vichwa vya matawi vikarudi kwenye komiti za zamani, na kazi za watu wengi zikaonekana kama hazijawahi kuwepo. Hazikuwa zimepotea, zilikuwa bado kwenye mashine za waliozifanya na kwenye kumbukumbu za GitHub, na mradi ulizirudisha kwa msaada wao. Mradi uliandika wazi kilichotokea, na ndiyo maana leo naweza kuwasimulia.

Je, kusukuma kwa nguvu ni haramu? Hapana. Kwenye tawi lako mwenyewe ambalo hakuna mwingine aliyelichukua, hakuna tatizo. Hata hapo, andika --force-with-lease badala ya --force, ambayo hukataa kama seva ina kitu ambacho mashine yako haijakiona. Na ipo siku timu nzima italazimika kuandika historia upya, mathalani mtu akiwa ameingiza faili la video lisilohusika, ambalo kila atakayenakili ghala baada ya hapo atalibeba milele hata likishafutwa kwa komiti mpya. Zipo zana za kazi hiyo, kama git filter-repo. Lakini hapo mnapanga saa, kila mtu anasukuma alicho nacho, kazi inasimama, historia inaandikwa upya, na kila mtu ananakili ghala upya. Kwa vifurushi vya data tunavyonunua hapa kwetu, jueni kwamba hilo pia ni gharama mnayowabebesha wenzenu.

Ningependa kukaa kidogo kwenye kisa cha Linux cha mwaka 2021, kwa sababu kinaonyesha kwamba hata ukiiacha historia ilivyo, kazi bado ipo. Mwishoni mwa Februari mwaka huo Torvalds alitoa toleo la majaribio 5.12-rc1. Ndani yake lilikuwa limeingia badiliko lililoonekana ni usafishaji wa kawaida tu wa msimbo. Kumbe lilivunja hesabu ya mahali pa kuandikia pale kompyuta inapotumia faili kama kumbukumbu ya ziada. Badala ya kuandika ndani ya faili hilo, mfumo uliandika mahali pengine kabisa kwenye diski, juu ya mafaili ya watu. Waliotenga sehemu maalumu ya diski kwa kazi hiyo hawakuona shida yoyote. Waliotumia faili waliharibikiwa.

Tarehe 3 Machi Torvalds aliandika waraka kwa watengenezaji wote. Marekebisho yalikuwa yameshaingia, lakini hilo halikutosha, na sababu yake ni ya kiufundi na ya kiutu kwa pamoja. Mafundi wa Linux wana desturi ya kuanzisha matawi yao juu ya lebo za matoleo ya namna hiyo, yaani majina yanayobandikwa kwenye komiti. Tena wanapotafuta chanzo cha hitilafu, hutumia git bisect, ambayo hugawa historia nusu kwa nusu na kumwomba mtu ajaribu kila hatua kwenye mashine yake. Mtu asiye na habari, miaka mitano baadaye, angeweza kuangukia katika komiti zile na kupoteza mafaili yake. Kuzing'oa komiti zenyewe kungevunja historia ya kila mtu. Alichofanya Torvalds ni kuibadilisha lebo ya toleo lile jina, ikawa v5.12-rc1-dontuse, jina lenye onyo ndani yake kwamba lisitumike, akawaomba waliokwisha kujenga juu yake wahame, na tarehe 5 Machi, Ijumaa, akatoa 5.12-rc2 mapema kuliko ilivyozoeleka. Kosa limebaki kwenye historia hadi leo, na onyo liko mlangoni pake. Katika visa vyote ninavyovijua, hiki ndicho ninachokipenda zaidi kukifundisha.

Mpaka hapa nimezungumzia makosa ambayo hudhuru yakitumika. Yapo yanayodhuru yakisomwa: nenosiri, ufunguo wa seva, orodha ya wateja. Kwa haya mpangilio wote niliouelekeza unageuka, kwa sababu kutangua hakusaidii hata kidogo. Komiti ya kutangua inaliondoa nenosiri kwenye faili la leo na kuliacha wazi kwenye historia ya jana, tena na maelezo yanayomwonyesha mwizi pa kutazama. Kuandika historia upya nako hakutoshi. Nyaraka za GitHub zenyewe zinasema kwamba komiti iliyoondolewa inaweza kuendelea kufikiwa kwa alama yake, au kupitia maombi ya kuunganisha yaliyoitaja, na kwamba nakala zilizoko kwa watu wengine hazigusiki.

Na wapo wanaotafuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wao wa maghala ya wazi ya GitHub: walikuta siri zimevuja katika maghala zaidi ya 100,000, na siri mpya kwa maelfu zilikuwa zikiongezeka kila siku. Walichofanya wao kwa nia njema, roboti za wezi hufanya mchana na usiku.

Kwa hiyo la kwanza ni kubadilisha ufunguo. Kabla ya kufuta, kabla ya mkutano, kabla ya kutafuta nani alikosea. Ufunguo uliobatilishwa ni mkusanyiko wa herufi tu, hata ukikaa kwenye historia miaka mia. La pili ni kusoma kumbukumbu za seva kuona kama kuna mgeni aliyeutumia kati ya saa ulipovuja na saa ulipobatilishwa. Kusafisha historia kunakuja baada ya hapo, kukihitajika. Kijana wa Nairobi au Mombasa anayeunganisha duka lake na M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu, hupewa ufunguo na siri yake. Akivisukuma ghalani kwa bahati mbaya saa nne usiku, asilale akisema atafuta kesho. Abadilishe usiku huohuo.

Toyota walitangaza Oktoba 2022 kwamba sehemu ya msimbo wa huduma yao ya T-Connect ilikuwa imewekwa kwenye ghala la wazi na mkandarasi wao tangu Desemba 2017, na ndani yake mlikuwa na ufunguo wa seva yenye barua pepe za wateja. Wateja 296,019 waliguswa. Hawakuthibitisha kwamba kuna aliyeingia, na hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba hakuna. Karibu miaka mitano ufunguo ulining'inia pale, na kazi ya kuubadilisha ingekuwa ya dakika chache.

Na asije mtu akasema ghala letu limefungwa, la wazi ni la wengine. Mwaka 2016 wezi waliingia kwenye ghala la faragha la wahandisi wa Uber lililokuwa GitHub, wakakuta humo ufunguo wa hifadhi yao ya Amazon, wakaondoka na taarifa za abiria na madereva milioni 57. Uber waliwalipa dola 100,000 na kunyamaza. Habari zilitoka Novemba 2017, chini ya uongozi mpya. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 148 kumaliza madai ya majimbo ya Marekani, na Oktoba 2022 Joe Sullivan, aliyekuwa mkuu wa usalama, alikutwa na hatia mahakamani. Hakushtakiwa kwa ufunguo kuwemo ghalani. Alishtakiwa kwa kuficha.

Huku kwetu sheria nazo zimeshafika. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayetunza data amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua kwamba taarifa za watu zimefikiwa na wasiohusika na kuna hatari ya kweli ya madhara. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake. Saa 72 ni chache sana kama siku mbili za kwanza zimeliwa na mtu mmoja akijaribu kufuta kimyakimya.

Hapo ndipo nataka kuwageukia wakuu wa timu na wenye kampuni. Mtu huficha kwa sababu amewahi kumwona mwenzake akiaibishwa. Ukimfokea kijana wa mafunzo kazini mbele ya watu kwa sababu ya 0.16, hutapunguza makosa. Utapunguza taarifa za makosa, na utayajua kwa wateja. Tena swali la kwanza si la kijana. Ni kwa nini mtu yeyote aliweza kusukuma moja kwa moja kwenye tawi kuu. Tawi hilo hufungwa kwa mipangilio ya dakika tano, likakataa kusukumwa kwa nguvu na likadai jicho la pili kabla ya kuunganisha. Faili la siri huorodheshwa siku ya kwanza kwenye .gitignore, faili linaloiambia Git mambo ya kupuuza. Ukaguzi mdogo unaweza kuwekwa kwenye kila mashine, usome kinachohifadhiwa na kukataa kinachofanana na ufunguo. Mengi ya haya hayana malipo, na timu isiyoyaweka haina haki ya kumlaumu mtu aliyeandika nukta.

Kwenu walimu wa vyuo nina ombi. Tunawafundisha wanafunzi kuhifadhi na kusukuma, tunawapa mtihani wa amri, halafu tunawapeleka makazini bila kuwahi kukosea mbele ya wengine. Watengenezeeni ghala la mazoezi, watu sita au saba. Mmoja asukume kiwango cha kodi kisicho sahihi, mwingine asukume nenosiri la kubuni, wa tatu asukume kwa nguvu juu ya kazi za wote. Waandike ujumbe wa kuwaarifu wenzao na muusahihishe ujumbe huo kwa alama kama mnavyosahihisha msimbo. Walitafute tawi lililopotea kwenye nakala zao wenyewe na walirudishe. Saa mbili za maabara zinatosha.

Niko tayari kwa maswali. Na kama yupo mwenye komiti inayomsumbua tangu asubuhi, aje na kompyuta yake hapa mbele tuitazame pamoja.